Gobole: Silaha ya bei nafuu, gharama kubwa

MKAZI wa Mkoa wa Songwe anayetaka bunduki ya kuwindia huku kipato chake kikiwa kidogo huweza kuvutiwa na gobole, silaha inayoundwa na wahunzi kwa bomba la chuma na kitako cha mbao, na kujazwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu.

Unafuu huo una hatari. Baruti ikizidi, bomba laweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji usoni. Aidha, shabaha yake ni hafifu, hivyo mnyama hukimbia na jeraha.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki, kutengeneza au kuingiza silaha nchini bila kibali. Anayevuka mpaka wa Tunduma kutoka Nakonde, Zambia, na bunduki ya bei rahisi bila kibali anatenda kosa.

Leseni ya silaha pekee haitoshi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe pia na leseni ya uwindaji.

Hivyo, mwenye fedha kidogo aanzie polisi kuomba kibali kabla ya kulipia bunduki yoyote, hata iliyokwishatumika.