Trekta la kijeshi la kuvuta ndege

Trekta la kuvuta ndege ni gari fupi na zito linalotumika kuvuta au kusukuma ndege ikiwa ardhini, hasa kuiingiza na kuitoa bandani au kuipeleka mahali pa kujazia mafuta. Majeshi ya anga yalianza kuyahitaji kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege zilipokuwa nzito kiasi cha kutosukumika kwa mikono.

Mengi ya matrekta hayo yaliuzwa baada ya kuondolewa jeshini. Mengine yako kwenye makumbusho, mengine yanafanya kazi katika viwanja vidogo vya ndege, mashamba na viwanda. Ugumu wa kuyatunza hautokani na mitambo yenyewe, ambayo kwa kawaida ni imara na rahisi kuelewa, bali na kupotea kwa vitabu vya ufundi na vya orodha ya spea. Historia ya Tanganyika ina mfano mkubwa wa hasara inayoweza kutokea mashine za jeshi zinapotumiwa bila vitabu, bila spea na bila mafundi wa kutosha.

## Historia

Ndege za kwanza za kivita zilikuwa za mbao na kitambaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa mwaka 1915 kwa watu wa Afrika Kusini, kilitumia ndege aina ya BE2c katika Afrika Mashariki. Kilisaidia jeshi la Jenerali Jan Smuts lililoshuka kando ya mto Pangani na kuteka Korogwe na Handeni mnamo Juni 1916. Ndege hizo zilikuwa na uzito wa chini ya tani moja na nusu, hivyo watu wachache waliweza kuzisukuma.

Katika vita vya pili ndege za mabomu zilizidi tani 20. Uingereza ilitumia matrekta ya shamba yaliyorekebishwa, kama vile Fordson na David Brown. David Brown VIG lilitokana na trekta la kulimia, likaongezewa bampa nzito na winchi ya nyuma. Marekani ilitumia Clarktor-6 la kampuni ya Clark, pamoja na Cletrac M2, trekta la minyororo lililokuwa na winchi, kompresa ya upepo na jenereta ya umeme, hivyo liliweza pia kujaza tairi za ndege na kuwasha vifaa vyake. Baada ya vita Marekani iliingiza MB-4, lenye magurudumu manne yanayovuta na pia kukata kona.

## Muundo

Trekta la kuvuta ndege hufanya kazi kwa uzito wake. Nguvu ya kuvuta haiwezi kuzidi msuguano kati ya tairi na ardhi, na msuguano huo hutegemea uzito unaokandamiza magurudumu yanayovuta. Trekta la tani 7 linalovuta kwa magurudumu yote, likiwa kwenye zege yenye maji ambako msuguano ni takriban nusu ya uzito, linaweza kuvuta kwa nguvu ya takriban tani 3.5. Ndiyo maana fremu zake hutengenezwa kwa vyuma vinene, na mengine huongezewa vipande vya chuma ili yawe mazito zaidi.

Kwa mfano, ndege ya tani 30 kwenye mwinuko wa asilimia 2 huhitaji nguvu ya takriban tani 0.6 kushinda mwinuko, na tani 0.45 hivi kushinda ukinzani wa tairi zake. Jumla ni zaidi kidogo ya tani moja, na wakati wa kuondoka huhitajika zaidi. Kwa hiyo trekta huwa na gia nzito zinazokwenda polepole, na mara nyingi kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ili mwendo uanze bila mshtuko.

Trekta huungwa na ndege kwa mhimili wa kuvutia. Mhimili huo huwa na pini dhaifu kwa makusudi, ambazo hukatika nguvu ikizidi au kona ikiwa kali mno, ili mguu wa mbele wa ndege usivunjike. Kuweka bolti ya kawaida mahali pa pini hiyo ni kosa la hatari: kinachovunjika badala yake ni ndege.

## Kulitambua trekta

Hatua ya kwanza ya kupata kitabu ni kulitambua trekta kwa usahihi. Rangi na umbo havitoshi, kwa sababu kampuni kadhaa zilitengeneza aina moja kwa mikataba tofauti, na kila mkataba uliweza kuwa na injini au giaboksi tofauti. Alama zinazotafutwa ni hizi:

* Kibao cha chuma karibu na dereva, chenye jina la mtengenezaji, namba ya trekta, namba ya mkataba na mwaka.
* Namba ya bohari. Tangu mwaka 1974 Marekani hutumia namba yenye tarakimu 13. Kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 11. Tarakimu nne za kwanza hutaja kundi la kifaa. Kundi 1740 ni la magari na matela maalumu ya viwanja vya ndege. Katika namba za tarakimu 13, mbili zinazofuata hutaja nchi: 00 na 01 ni Marekani, 99 ni Uingereza.
* Namba ya injini, ambayo hugongwa kwenye bloku. Ni namba tofauti na ya trekta.
* Namba za kutupia chuma kwenye giaboksi, ekseli na pampu. Hizi husaidia pale kibao kinapokuwa kimeng'olewa.

Kibao hakipaswi kusuguliwa kwa brashi ya chuma. Husafishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, na rangi iliyokifunika hulainishwa taratibu. Picha hupigwa kabla ya kukigusa.

## Vitabu vya ufundi

Majeshi hayakutumia kitabu kimoja kwa kila mashine. Kwa kawaida kulikuwa na kitabu cha dereva, kitabu cha matengenezo ya kawaida, kitabu cha karakana kubwa, na orodha ya spea yenye michoro. Anayetafuta "kitabu cha trekta" hupata mara nyingi kile cha dereva, kisichoeleza namna ya kufungua giaboksi. Orodha ya spea ndiyo yenye thamani kubwa kwa fundi, kwa kuwa michoro yake huonyesha mpangilio wa vipande pamoja na namba zake.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa vitabu vyenye alama TM, na jeshi lake la anga hutumia alama T.O., ambamo kundi 36 ni la magari. Jeshi la anga la Uingereza lilitumia alama AP, na mafundi wa jeshi lake la nchi kavu walitumia maelekezo yaitwayo EMER.

Vitabu hivyo hupatikana katika nyaraka za taifa za Marekani, nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew na maktaba za makumbusho ya kijeshi. Makumbusho ya maisha ya vijijini ya Reading, Uingereza, huhifadhi nyaraka za kampuni za matrekta, na Chama cha Historia cha Wisconsin, Marekani, kina nyaraka za International Harvester. Vitabu vilivyoandikwa na serikali ya Marekani havina hakimiliki nchini humo, hivyo vingi vimenakiliwa na kusambazwa kihalali.

Pale kitabu cha trekta kinapokosekana kabisa, kinaweza kukusanywa kutoka vitabu vya sehemu zake. Watengenezaji wengi hawakuunda injini zao wenyewe, bali walinunua za Perkins, Ford, Chrysler, Hercules au Continental. Injini ya Perkins 4.236, kwa mfano, ilifungwa pia kwenye baadhi ya matrekta ya Massey Ferguson. Kitabu cha injini hiyo, pistoni zake, ringi na gaskiti vinaweza kupatikana kwa wauzaji wa spea za kilimo wasiowahi kuona trekta la kuvuta ndege.

## Ukarabati

Trekta lililokaa miaka mingi halipaswi kuwashwa kabla ya kukaguliwa. Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Kuandika na kupiga picha. Kila waya, bomba na shimu huwekewa alama kabla ya kufunguliwa. Pale pasipo na kitabu, daftari la fundi ndilo huwa kitabu.
2. Kuzungusha injini kwa mkono. Mafuta mepesi humiminwa kwenye silinda na kuachwa yapenye. Injini ikiwa imeganda, kutumia stata au kuivuta kwa gari jingine kunaweza kupinda konrodi.
3. Kumwaga mafuta yote ya zamani, kusafisha tangi na kubadili filta. Maji yaliyokaa chini ya tangi huharibu pampu ya dizeli na nozeli.
4. Kukagua umeme. Magari mengi ya zamani ya Uingereza yaliunganisha upande chanya wa betri na bodi, kinyume na magari ya sasa. Pia kuna mifumo ya volti 6, 12 na 24. Betri ikiunganishwa kinyume, alteneta huungua.
5. Kutengeneza breki. Mafuta ya breki ya asili ya madini na yale ya glikoli hayachanganywi, kwa sababu kila aina ina mpira wake. Mpira usiofaa huvimba na breki hunasa. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, hivyo hulowanishwa na kufutwa, halipulizwi kwa upepo.
6. Kujaribu bila mzigo, kisha kwa mzigo mdogo, kabla ya kuunga ndege.

Nyuzi za bolti ni chanzo kingine cha uharibifu. Bolti ya nusu inchi ya mtindo wa Whitworth wa Uingereza ina nyuzi 12 kwa inchi, na ile ya Marekani yenye nyuzi pana ina 13. Pembe za nyuzi nazo ni tofauti: digrii 55 na 60. Bolti huingia mizunguko michache, hukaza kidogo, na fundi akilazimisha hukata nyuzi. Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kiwango kimoja mwaka 1948, lakini mashine za kabla ya hapo zilibaki na nyuzi zao. Kipimo cha nyuzi, ambacho ni kifaa cha bei ndogo, humaliza tatizo hili.

Hatari kubwa kwa fundi ni rimu za vipande. Tairi zake hushikwa na pete ya chuma, na pete hiyo ikifyatuka tairi likiwa na upepo inaweza kuua. Upepo hutolewa wote, na kiini cha valvu hung'olewa, kabla ya kulegeza nati yoyote ya rimu. Wakati wa kujaza, tairi huwekwa ndani ya kizimba cha chuma na fundi husimama pembeni.

## Mfano wa Kongwa

Mpango wa karanga wa Tanganyika ulianza mwaka 1947 huko Kongwa, na baadaye ukaenea Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima zaidi ya hekta milioni moja. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, zilinunuliwa mashine zilizotumika kutoka bohari za jeshi, zikiwemo za Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilitumia pia sehemu za vifaru vya Sherman kuunda trekta lililoitwa Shervick.

Mashine hizo hazikuwa za kuvuta ndege, lakini zilikuwa na matatizo yaleyale: aina nyingi mchanganyiko, spea zisizolingana na karakana zisizo tayari. Kufikia mwishoni mwa msimu wa kwanza takriban theluthi mbili zilikuwa zimeharibika. Ardhi ngumu, mizizi ya vichaka na uhaba wa mvua viliongeza uharibifu. Mpango ulifutwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Hata hivyo Watanganyika wengi walijifunza udereva na ufundi wa mashine katika karakana zake.

## Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zina historia ndefu ya mitambo. Reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902, na wakati wa vita Wajerumani walijenga reli nyepesi ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, kama Magunga, Ngombezi na Hale, yalitegemea mashine za kusindika za Corona kutoka Ujerumani na Robey kutoka Uingereza, pamoja na matrekta. Barabara kuu za kutoka Dar es Salaam, Tanga na Moshi hukutana Segera, wilayani Handeni.

Ufundi unaohitajika mashambani na barabarani humo ndio unaohitajika kwa trekta la kuvuta ndege: kukereza shafti, kutengeneza bushi, kuchomelea fremu, kupima pampu ya dizeli na kulinganisha beringi kwa namba zake. Beringi ni mfano mzuri, kwa sababu vipimo vyake vimewekwa kimataifa: namba iliyochongwa kwenye pete hutosha kununua nyingine, hata kama jina la trekta halijulikani.

Kinachopungua kwa urahisi katika karakana yoyote ni maandishi. Fundi mzee akistaafu, vipimo alivyovikariri huondoka naye. Kuandika vipimo vya kila kipande kinachokerezwa, pamoja na namba ya injini na tarehe, humwezesha fundi anayefuata kufanya kazi hiyo bila kuanza upya.

## Tazama pia

* Trekta
* Mkonge
* Reli ya Usambara
* Mpango wa karanga wa Tanganyika