Kudungwa si Kujidunga

Sarufi ya Kiswahili humtenga anayedungwa sindano na anayejidunga kwa viambishi viwili vidogo: -w- ya kutendwa na -ji- ya kujitendea. Katika maisha ya mgonjwa, hata hivyo, umbali kati ya viambishi hivyo ni mkubwa mno. Anayedungwa hugeuza uso kando, akakunja ndita, na mambo yakaisha. Anayejidunga hushika sirinji kwa mkono wake mwenyewe alfajiri, kabla ya chai, leo, kesho na kesho kutwa, pengine hadi mwisho wa uhai wake.

Hali hii ndiyo inayowakabili wagonjwa wengi wa kisukari, hasa watoto na vijana ambao miili yao haitengenezi insulini. Tangu Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipotiwa dawa hiyo mjini Toronto, Kanada, imeokoa watu wasiohesabika. Lakini haimezwi. Insulini ni protini, na tumbo huisaga jinsi linavyosaga maharagwe. Basi hakuna budi mgonjwa, au mtu wa nyumbani kwake, awe muuguzi.

Je, muuguzi huyu mpya hufundishwa kwa lugha gani?

Katika mtaa wa Tena, huku Eastlands jijini Nairobi, yupo kijana wa shule ya upili aliyetoka hospitalini akiwa na chupa ya insulini, sirinji kadhaa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Mama yake hurauka kwenda kazini, kwa hiyo nyanya yake aliletwa kutoka mashambani aje kumwangalia. Jioni ya kwanza ajuza huyo alinijia mlangoni. "Mwalimu," akaniuliza, "wamesema mtoto ajidunge saba na saba. Hiyo saa saba ya usiku nitamwamshaje?"

Swali hilo lilinishtua. Saba ya karatasini ilikuwa saba ya saa ya Kizungu, yaani saa moja asubuhi na saa moja jioni. Nyanya aliisikia kama aisikiavyo kila Mswahili, akapata saa saba. Tofauti ni saa sita kamili. Dawa aliyopewa kijana ilikuwa ya kutangulia chakula kwa muda wa nusu saa hivi, asubuhi na jioni. Iwapo angeingoja saa saba, staftahuni na chajio vingeliwa bila kinga. Hapa hapana ujinga wa mtu yeyote. Pana mifumo miwili ya kuhesabu saa, na mtoaji maelezo hakukumbuka kusema anatumia upi.

Mitego ya namna hii ni mingi. Chukua neno "nyama". Mtu akiambiwa adunge "ndani ya nyama", atatafuta msuli, ilhali insulini huwekwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi: tumboni, mbali kidogo na kitovu, au pajani. Ikiingia katika msuli hufyonzwa haraka kupita kiasi. Tena hapana budi kuhamahama, kwani anayedunga mahali pamoja kila siku huota uvimbe, na dawa haipiti hapo sawasawa. Au chukua kitenzi "tikisa", ambacho sote tumekizoea kutokana na chupa za dawa ya kikohozi. Insulini ile yenye rangi ya maziwa haitikiswi kwa nguvu; huvingirishwa taratibu baina ya viganja hadi ichanganyike.

Mtego wa hatari zaidi ni wa tarakimu. Insulini iliyozoeleka ina yuniti 100 katika mililita moja. Yuniti 10, basi, ni sehemu ya kumi tu ya mililita. Anayeambiwa "kumi" bila kuelezwa kumi za nini, kisha akanunua sirinji iliyopimwa kwa mililita badala ya ile ya insulini, anaweza kujitia dawa mara kumi ya kiasi alichoandikiwa na daktari. Kosa hilo huua.

Hata neno "baridi" lina mashaka yake. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye jokofu, lakini ikiganda imeharibika, haifai tena. Iliyokwisha kufunguliwa aghalabu hustahimili wiki nne hivi nje ya jokofu, mradi isipate joto wala jua. Kwa nyumba isiyo na jokofu, au umeme ukipotea, chungu kimoja ndani ya kingine, katikati pakiwa na mchanga uliolowanishwa maji, kinasaidia sana. (Maji nayo Eastlands huja yapendapo, lakini hayo tuyaache.)

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sioni kwa nini hadhi hiyo iishie katika hotuba za sikukuu na isifike katika karatasi ya dawa.

Lipo pia suala la walimu. Katika magazeti na redio, "kujidunga" limefuatana mno na "dawa za kulevya", hata kijana anayeonekana na sirinji bwenini hushukiwa papo hapo. Wapo wanaopendekeza tubuni kitenzi kingine kisicho na doa. Binafsi siafiki: neno halina kosa, na jipya litachafuka vilevile. Bora mwalimu wa darasa ajue mapema nani anajidunga na kwa nini. Ajue pia kwamba kijana huyo akianza kutoka jasho, kutetemeka au kupayuka ovyo, huenda sukari imeshuka. Apewe upesi sukari au soda ya kawaida. Akizirai, asitiliwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitalini.

Kijana wa Tena sasa hujidunga kabla ya kwenda shuleni. Juu ya ile karatasi nyanya yake ameandikiwa kwa kalamu nyekundu: saa moja, saa moja.