Manowari za Uchina katika Ghuba ya Aden

Tarehe 26 Desemba 2008 manowari mbili za Uchina, Wuhan na Haikou, pamoja na Weishanhu, meli iliyochukua mafuta na mahitaji yao, ziling'oa nanga Sanya, katika kisiwa cha Hainan, zikielekea Ghuba ya Aden. Sababu iliyotangazwa ni kuwalinda mabaharia na maharamia wa Kisomali. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Kila siku meli za Uchina zilipita ghubani humo, na mwezi uliotangulia meli yake ya uvuvi ilitekwa nje ya pwani ya Kenya. Tena Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kutoa idhini mwezi Juni, kwa azimio nambari 1816, na serikali ya Somalia ilikuwa imeridhia. Basi dola inayoshikilia kwamba mambo ya ndani ya nchi nyingine hayaingiliwi haikuhitaji kuyatangua maneno yake.

Lakini sababu ya kweli si lazima iwe sababu pekee. Neno manowari lenyewe Waswahili walilitwaa kwa Waingereza, ambao katika karne ya 19 vyombo vyao vilizunguka pwani hii vikiwasaka wafanya biashara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwa ovu, na kuizuia kulikuwa haki. Hata hivyo mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Uchina, ambayo tangu mwaka 1993 huagiza mafuta mengi kuliko inayouza, hutegemea njia za bahari zilizo mbali nayo. Mwaka 2004 Rais Hu Jintao aliliagiza jeshi lilinde maslahi ya taifa yaliyokuwa yakipanuka. Je, wanamaji waliozoea kukaa karibu na kwao wangejifunzia wapi? Kuishi baharini miezi mingi, kutiliana mafuta chombo kikiwa safarini, kutengeneza mitambo katika bandari za wageni: hayo hayafundishiki darasani. Haramia mwenye mashua na bunduki ni adui dhaifu, na kwa mwanafunzi adui wa namna hiyo ni neema. Faida ilionekana upesi. Mwaka 2011 manowari Xuzhou iliondolewa katika ulinzi huo ikapelekwa Libya, Wachina wapatao 35,000 walipokuwa wakihamishwa; na mwaka 2015 manowari nyingine ziliwatoa Yemen Wachina na wageni wa mataifa mengine.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa miaka ambayo maharamia walipungua. Baada ya mwaka 2012 mashambulio yalishuka sana, wala zamu za manowari hazikukoma. Baadaye ilipelekwa hata nyambizi, chombo ambacho hakina kazi kubwa mbele ya mashua za maharamia. Mwaka 2017 Uchina ilifungua Djibouti kambi yake ya kwanza ya kijeshi katika nchi ya ng'ambo, ikieleza kuwa ni mahali pa kuzipatia mahitaji manowari zake za ulinzi.