Jicho la samaki hukua maisha yote, la binadamu likiharibika halioti tena



Sisi watu wa pwani, kuanzia Kilwa Kivinje na Masoko hadi Songo Mnara, Kilwa Kisiwani na Lindi mjini, hatukai siku nyingi bila kitoweo cha samaki. Hata hivyo ni wachache wanaolitazama jicho la samaki kwa makini kabla halijaingia chunguni. Wiki hii tutalitazama, kwa sababu lina jambo ambalo jicho la binadamu halina. Kutolijua jambo hilo kunachangia baadhi ya watu kuchelewa kwenda hospitali mpaka nuru ya macho inapotea kabisa.

Jicho limejengwaje?

Ukimla changu aliyepikwa, ndani ya jicho lake utakuta kidonge cheupe, kigumu, cha mviringo. Hiyo ni lenzi. Inapokuwa hai haina weupe, ni angavu kama kioo, na weupe ule unatokana na moto. Lenzi ya binadamu ina umbo la punje ya dengu, lakini ya samaki ni duara kama gololi. Sababu ni kwamba ndani ya maji kioo cha mbele cha jicho hakiwezi kupinda mwanga kama kinavyofanya hewani, hivyo kazi yote inabaki kwa lenzi. Ndiyo maana nawe ukifumbua macho ukiwa umezama huoni vizuri.

Nyuma ya lenzi, upande wa ndani wa jicho, kuna utando uitwao retina. Unene wake haufiki nusu milimita, lakini ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Humo mna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni hufanya kazi mchana na kutambua rangi. Vijiti hufanya kazi kwenye mwanga hafifu, kama magharibi na usiku. Jicho moja la binadamu lina vijiti karibu milioni 100 na koni milioni 5 hadi 6. Samaki wa kilindini hutegemea zaidi vijiti. Mfano ni silikanti, samaki wa kale aliyenaswa kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 2003, hapa kwetu Songo Mnara.

Samaki haachi kukua

Binadamu akishakuwa mtu mzima haongezeki urefu. Samaki wengi sivyo walivyo. Chewa hutoka kwenye yai akiwa na milimita chache tu, akaendelea kukua hadi kupita mita moja. Jicho nalo hukua pamoja na mwili. Je, retina inafanyaje ili itoshe ndani ya jicho linalotanuka?

Mwenyezi Mungu amemjaalia samaki njia mbili. Ya kwanza iko ukingoni mwa retina. Hapo pana mzunguko wa seli changa ambazo hugawanyika maisha yote na kuongeza retina mpya pembeni. Fikiria mama anayeshona kawa: anaanzia katikati, kisha anazungusha ukili pembeni, mzunguko baada ya mzunguko. Katikati ni kazi ya kwanza, na ukingoni ni kazi ya leo. Retina ya samaki nayo iko hivyo, seli za zamani katikati na changa pembeni.

Lakini jicho linapotanuka, retina ya zamani nayo huvutika na seli zake huachana. Koni zikiachana si hasara kubwa, kwa kuwa picha inayoangukia retina nayo hukua pamoja na jicho. Vijiti vikiachana, samaki angeshindwa kuona vizuri kwenye mwanga hafifu. Hapo ndipo ilipo njia ya pili: vijiti vipya huzaliwa ndani ya retina yenyewe na kupenya katikati ya vile vya zamani, huku samaki akiendelea kuona kama kawaida.

Mmoja wa samaki waliowafunza wataalamu jambo hili anatoka nchini kwetu. Ni samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika aitwaye Astatotilapia burtoni, aliyepewa jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika ziwani hapo mwaka 1858. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Pamela Johns na Russell Fernald, walichapisha matokeo yao kuhusu kuzaliwa kwa vijiti katika retina ya samaki. Katika tafiti za aina hii samaki hupewa kemikali yenye mnururisho hafifu inayoingia kwenye seli inayojiandaa kugawanyika tu. Baadaye seli zenye alama hiyo hutafutwa kwa hadubini, ikajulikana ni zipi zilizozaliwa karibuni.

Zaidi ya hayo, retina ya baadhi ya samaki ikijeruhiwa huota upya. Kazi hiyo hufanywa na seli za Müller, ambazo kwa kawaida hutegemeza retina. Jeraha likitokea, seli hizo hugawanyika na kuzalisha mbadala wa zilizokufa.

Kwa nini yetu haioti?

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na la mtu mzima 24. Hivyo jicho letu hukua utotoni, lakini seli za retina zilishaacha kugawanyika tangu karibu na kuzaliwa. Retina huvutika tu, haiongezi seli. Nasi tunazo seli za Müller, lakini zikikutana na jeraha hutengeneza kovu, si seli mpya za kuona. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walifaulu kuzishawishi seli hizo ndani ya macho ya panya wazima zizalishe seli mpya. Kwa binadamu bado hakuna tiba ya namna hiyo inayotolewa hospitalini, basi usimwamini anayeuza dawa ya kuotesha jicho.

Retina ya mtoto ikianza kugawanya seli bila mpango, hiyo ni saratani. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Dalili yake kubwa ni mboni kung'aa weupe kama jicho la paka, au macho kuwa makengeza. Mtoto wa namna hiyo asisubiri wiki. Akiwahiwa anaweza kupona, akicheleweshwa saratani huweza kumuua.

Kula jicho la samaki kunasaidia?

Watoto huambiwa wale jicho la samaki wapate macho makali. Ukila jicho, tumbo huliyeyusha kama nyama nyingine, na seli zake haziendi kwenye jicho lako. Kilicho cha kweli ni kwamba vijiti huhitaji vitamini A, na mtu akiikosa huanza kwa kutoona vizuri usiku. Vitamini hiyo imo kwenye ini la samaki, dagaa wanaoliwa wazima, mayai, maembe, papai na mboga za majani. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka kituoni. Mpeleke wako. Mjamzito asijinywee vidonge vyake bila ushauri.

Tufanye nini?

Kwa kuwa retina haina badala, kinga ndiyo tiba. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, maana sukari huharibu mishipa midogo ya retina bila maumivu. Aliyevuka miaka 40 apimwe presha ya jicho, ambayo huanza kula uoni wa pembeni taratibu. Ukiona ghafla vimulimuli, vijidoa vyeusi vinavyoelea au kivuli kama pazia, nenda siku hiyo hiyo, kwani huenda retina inabanduka.

Kwa vijana wa baharini: baruti imewaachia wavuvi wengi wa pwani hii vilema vya mikono na macho. Mlipuko unaweza kupasua retina kwa dakika moja, na hakuna samaki anayelipa thamani hiyo.

Usidondoshee jichoni maji ya majani, asali wala mkojo. Osha uso na mikono kwa maji safi, na jicho lenye tatizo lipeleke kituoni. Anzia kituo chako cha karibu au hospitali ya wilaya, Kinyonga kwa watu wa Kilwa, au Sokoine kwa watu wa Lindi. Wao watakuelekeza mbele ikibidi, kama Muhimbili, CCBRT au KCMC. Mtoto wa jicho usikuogopeshe: huko kinachoharibika ni lenzi, na lenzi hubadilishwa kwa upasuaji. Retina haibadilishwi, kwa hiyo tusisubiri.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.