"Protini ya Binadamu" Isiyotoka kwa Binadamu: Tatizo la Istilahi katika Utafiti wa Maabara

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja protini ambayo muundo wake ni wa mwanadamu lakini imetengenezwa ndani ya seli za kiumbe kingine. Suala hili si la wanaisimu pekee. Protini za aina hii huagizwa na maabara za utafiti, hupita forodhani, na hutajwa katika maombi ya vibali vya maadili na katika fomu za ridhaa ambazo washiriki husomewa kwa Kiswahili.

Mfano unaofahamika zaidi ni insulini. Tangu utafiti wa Toronto wa mwaka 1921, insulini ya tiba ilipatikana kwa miongo kadhaa kutoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 watafiti nchini Marekani waliwawezesha bakteria waitwao Escherichia coli kutengeneza minyororo miwili ya insulini ya binadamu, mmoja wenye asidi amino 21 na mwingine 30, kisha minyororo hiyo ikaunganishwa maabarani. Mwaka 1982 dawa iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa nchini humo. Hakuna kongosho la mtu lililoguswa. Hata jeni zilizopandikizwa zilisanisiwa kikemikali kwa kufuata mpangilio uliokwisha kujulikana.

Sasa tutazame sarufi. "Insulini ya nguruwe" na "insulini ya binadamu" ni virai vyenye umbo moja, ila kiunganishi -a kinabeba uhusiano tofauti. Katika kirai cha kwanza kinaonyesha chanzo: dutu imetoka kwa mnyama. Katika cha pili kinaonyesha ufanano: dutu ina mfuatano uleule ulio katika mwili wa mtu. Msomaji hana alama yoyote ya kumwongoza, na maana ya chanzo ndiyo humjia kwanza, kama katika "damu ya mtu" au "maziwa ya mbuzi". Mshiriki wa utafiti anayeambiwa kwamba damu yake itapimwa kwa "protini ya binadamu" ana haki ya kuuliza ni binadamu gani. Afisa wa mpakani naye anaweza kuipeleka shehena katika taratibu za tishu za watu, ambazo hazikukusudiwa kwa bidhaa ya bakteria.

Tafsiri ya "protini iliyounganishwa upya" haitatui tatizo, inaongeza jingine. Kilichounganishwa ni vipande vya DNA, si protini. Napendekeza "protini ya jeni pandikizi". Najua "pandikizi la mtu" ni mtu wa miraba minne, lakini muktadha wa kupandikiza figo umekwisha kulizoesha neno hili hospitalini. Panapohitajika kutaja ubinadamu wake, iandikwe "yenye mfuatano wa binadamu".

Istilahi hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa seli iliyoitengeneza nayo ina umuhimu. Bakteria hao, katika hali yao ya kawaida, hawaongezi minyororo ya sukari ambayo seli za mamalia huiongeza katika protini nyingi. Eritropoietini, homoni inayochochea utengenezaji wa seli nyekundu za damu, huihitaji sukari hiyo ili idumu mwilini; ndiyo maana ile ya tiba huzalishwa katika seli za mamalia, hususan zilizotokana na ovari za panya-buku wa China. Mtafiti anayelinganisha matokeo ya maabara mbili bila kujua protini zilizalishwa katika seli zipi huenda analinganisha vitu viwili.

Limebaki onyo la kwenye chupa. Tafsiri ya "kwa utafiti tu" ina kasoro kubwa kuliko inavyoonekana, maana katika Kiswahili majaribio ya dawa kwa wagonjwa nayo ni utafiti. Protini ya maabara haijathibitishwa kuwa salama kudungwa mwilini. Inaweza kuwa na masalia ya sumu za bakteria yanayosababisha homa. Kwa hiyo lebo na nyaraka za vibali ziseme waziwazi: "Protini ya jeni pandikizi, yenye mfuatano wa binadamu, iliyozalishwa katika bakteria. Kwa majaribio ya maabarani pekee. Isitumiwe katika mwili wa mtu wala mnyama."