Leseni Kwanza, Kasi Baadaye

Safu ya data ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL ikizidi takriban kilobaiti 2, mfumo uitwao TOAST hubana thamani zake ndefu, na zisipotosha huzikata vipande na kuvihifadhi kwenye jedwali la pembeni. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kubana ilifanywa na pglz peke yake, msimbo ulioandikwa ndani ya mradi wenyewe. Njia zenye kasi zaidi zilikuwapo tangu zamani, lakini mojawapo, LZ4, haikupokelewa kwenye TOAST hadi toleo la 14, mwaka 2021. Sababu moja ya tahadhari hiyo ni ya kisheria, na wengi huidharau.

Leseni ya PostgreSQL inafanana na BSD. Yeyote anaweza kuichukua programu, kuibadilisha na kuiuza bila kufichua msimbo wake, mradi abakize tangazo la hakimiliki. Kampuni nyingi zimejenga bidhaa zao juu ya ruhusa hiyo. Sasa chukua LZO, maktaba ya kubana data yenye sifa ya kasi. Inatolewa kwa leseni ya GPL: ukiiunganisha na programu yako kisha ukaisambaza, kazi nzima sharti itolewe kwa masharti ya GPL. Kwa hiyo kuingiza LZO kungewafunga wote waliojenga juu ya PostgreSQL, hata wasioihitaji. Hadoop na HBase, miradi ya shirika la Apache, ililazimika kuiacha LZO nje ya vifurushi vyake, na anayeihitaji huisakinisha mwenyewe.

Hataza ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu haionekani ndani ya msimbo. Unaweza kuandika kila mstari kwa mkono wako na bado ukadaiwa, kwa kuwa kinacholindwa ni mbinu yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa LZW, mbinu ya kubana data: kampuni ya Unisys ilishikilia hataza yake Marekani hadi mwaka 2003, na waandishi wa programu ya gzip waliikwepa mbinu hiyo kwa makusudi.

Zstandard, maktaba nyingine ya kubana data, ilitolewa na Facebook mwaka 2016 kwa leseni ya BSD, ikiambatana na waraka wa hataza. Waraka huo ulisema kwamba ukiishtaki Facebook kwa madai ya hataza, ruhusa yako ya kutumia hataza zake inakoma. Julai 2017, Apache ilipiga marufuku masharti hayo katika miradi yake. Mwezi uliofuata waraka ukaondolewa, na mtumiaji akapewa hiari ya BSD au GPL toleo la 2. Kwa maoni yangu, Apache ilifanya sawa kukataa: maktaba nzuri haistahili kumnyima mtu haki ya kwenda mahakamani.

Katika hifadhidata, uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko katika programu nyingine, kwani data iliyokwisha kubanwa hubaki diskini kwa miaka. Kuiondoa maktaba baadaye ni kuandika upya kila safu iliyopitia humo. Ni kama kufunga ghala kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa jirani. Tena PostgreSQL imetenga biti 2 tu za kutambulisha njia iliyotumika kubana kila thamani, yaani nafasi 4, hivyo haiwezi kukaribisha kila mgeni. LZ4 yenyewe, ijapokuwa maktaba yake ina leseni ya BSD, haikunakiliwa ndani ya mradi. Anayeandaa programu huchagua kuiunganisha au kuiacha. Seva iliyoandaliwa bila LZ4 itakataa kufungua thamani zilizobanwa kwayo.

Wewe unayeandaa mfumo wa hospitali, benki au serikali, fungua faili la leseni kabla ya kupima kasi. Angalia kama maktaba na zana zake zina leseni moja, maana katika LZ4 maktaba ni BSD lakini programu ya amri ni GPL. Soma kila waraka wa hataza ulioambatanishwa, kisha uweke kumbukumbu ya toleo ulilolisoma, kwa sababu leseni hubadilika toleo kwa toleo.