Kamba ya Meli Ikikatika

Lizaboni, hapa Songea, haina bahari wala ziwa. Hata hivyo makaa ya mawe ya Mbinga hupita Songea kwenye malori kuelekea bandari ya Mtwara, na ukishika barabara ya Mbinga unafika Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Kijana wa hapa akipata kibarua gatini ataogopa winchi na mzigo unaoning'inia. Kamba iliyofunga meli huenda asiitazame kabisa, maana imetulia.

Hatari iko hapo. Kamba ya nailoni hupendwa kwa sababu hunyumbuka meli inapoyumba, lakini kadiri inavyovutwa ndivyo inavyohifadhi nishati. Chukua kamba ya mita 50 iliyovutwa kwa nguvu ya tani 40 ikarefuka mita 5. Zidisha nusu ya nguvu hiyo kwa mita zilizoongezeka: unapata takriban jouli milioni 1, sawa na lori la tani 30 linalokwenda kilomita 29 kwa saa. Kamba ikikatika, sehemu kubwa ya nishati hiyo hurudi na vipande vyake, na hakuna binadamu mwenye wepesi wa kuvikwepa.

Wala haihitaji mtu kuigusa ndipo ikaze. Mtwara, wakati wa bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3, meli hupanda nayo, na kamba hukaza. Makaa yakipakiwa, meli hushuka na kamba hulegea. Ziwa Nyasa halina maji kujaa na kupwa ya namna hiyo, ila upepo na mawimbi yake yanatosha kuikaza kamba.

Sitaha nyingi zilichorwa maeneo ya hatari kwa rangi, nami naona michoro hiyo ilidanganya watu. Kamba inayozunguka nguzo hufyatuka kwa pembe asiyoitarajia mtu. Machi 2015, bandarini Milford Haven, Wales, kamba ya meli ya gesi Zarga ilikatika ikamjeruhi vibaya ofisa kichwani. Baada ya hapo mwongozo wa Uingereza ulishauri sitaha yote ya kufungia meli ihesabiwe kuwa ya hatari. Kanuni za kimataifa zilizoanza Januari 1, 2024 nazo zinadai kamba zikaguliwe na kutunzwa.

Basi wewe unayekwenda gatini: usisimame ndani ya kitanzi, usiruke kamba iliyokaza, usikae usawa wake. Ukisikia inalia, usigeuke kuitazama. Ondoka. Na kama huna kazi na kamba hizo, usikae karibu nazo hata kwa maongezi.